Karavani la Njiapanda na Ukuta Wake wa Mviringo

Msafiri atokaye Mafinga kwenda Makambako hupita kwetu Nyololo, penye njiapanda ya kwendea Igowole na Mgololo. Hapo, nyuma ya vibanda vya viazi, pana karavani kuukuu, yaani trela lenye nyumba, la namna ile iliyokokotwa zamani nyuma ya motokaa. Magurudumu yake yamekwisha, limekalishwa juu ya matofali, na mama mmoja mjane wa parokia yetu huuza humo chai, maandazi na supu. Watoto wake watatu husomeshwa na karavani hilo. Wazee husema liliachwa na wajenzi wa barabara kuu ya kwenda Zambia, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mwaka juzi mvua za Januari zilikuja kwa nguvu. Maji yakapenya penye maungio ya dirisha la mbele, yakashuka nyuma ya ukuta wa ndani. Kuta za ubavuni humo ndani ni za aluminiamu, nazo hazikudhurika. Lakini ncha mbili za karavani, mbele na nyuma, mahali ambapo ukuta hujikunja kwenda darini na papo hapo hujikunja kwenda pembeni, zilikuwa zimevikwa hadibodi iliyofinyangwa kiwandani. Hadibodi na maji havipatani. Ile ya mbele ilivimba kama andazi, ikaanza kumeguka, na siku moja kipande kikaangukia sufuria ya supu mbele ya wateja.

Jumamosi iliyofuata Mama alikuja ofisini parokiani.

“Kamwene, Karani.”

“Kamwene, Mama. Karibu uketi.”

“Nimeketi. Mwana wa dada yangu anasema nibandue aluminiamu yote ya ndani, niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kisha nipigilie mbao pande zote. Wewe ulisoma chuo cha ualimu, na useremala mlifundishwa. Wasemaje?”

Maswali yalikuwa mawili. La kwanza nililijibu vizuri, la pili nililijibu vibaya, na jibu baya lilimgharimu Mama fedha za magunia manne ya viazi. Ndiyo maana naandika habari hii, kwa kuwa karavani na mabasi makuukuu yaliyogeuzwa maduka si haba katika barabara hii, na mbao za paini zimejaa kila upande wetu.

Nianze na aluminiamu. Matrela ya bati jeupe yenye umbo la yai yalitokana na akili ya mafundi wa ndege. Mwaka 1934 Mmarekani Hawley Bowlus, muundaji wa ndege zisizo na injini, aliunda trela la aluminiamu liitwalo Road Chief. Mwaka 1936 Wally Byam, Mmarekani mwenziwe, akatoa la kwake lililofuata mfano huo, akaliita Airstream Clipper. Huyu Byam ndiye aliyeongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, ulioanza mwaka 1959 na kumalizika mwaka 1960, ukapita Afrika Mashariki na Ethiopia. Barabara za siku zile zilikuwa matope na mawe, na matrela yale hayakusambaratika.

Sababu ni maganda mawili. Kuna mbavu zilizopindwa, na juu ya mbavu hizo ganda la nje la aluminiamu limeshikwa kwa ribiti, na ndani ganda la pili limeshikwa vile vile. Maganda hayo mawili pamoja na mbavu hufanya kitu kimoja. Chukua kopo tupu la maziwa, mtoto asimame juu yake: litamchukua. Likate ubavuni, kisha asimame tena. Basi anayebandua ganda la ndani na kulipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu amekata kopo lake, hata kama nje haionekani. Nikamwambia Mama asiguse kuta za ubavuni. Mwana wa dada yake alinuna, kwa maana alikuwa amekwisha kubaliana bei.

Ncha ni habari nyingine. Katika matrela mengi ya baadaye, na la Mama mojawapo, ncha za ndani hazikuvikwa aluminiamu bali hadibodi au plastiki iliyofinyangwa, ya kupendezesha macho tu. Plastiki ikizeeka hugeuka manjano na kupasuka. Huko Marekani wapo watu wenye matrela ya zamani ambao hung'oa plastiki hiyo na kuweka mbao mahali pake. Kung'oa hadibodi ya ncha za Mama, basi, hakukudhoofisha karavani. Hapo mimi na mpwa wake tulipatana.

Sasa kosa langu. Tulinunua mbao za paini mbichi, zilizopasuliwa wiki ile ile, kwa sababu mbao mbichi hupindika kwa urahisi na bei yake ni ndogo. Tukazichukua mbao pana za inchi sita, tukazikandamiza kwa magoti na mabega mpaka zikaufuata ukuta, tukazipigilia misumari. Siku ile zilipendeza mno. Wateja walisifu harufu ya paini, na mimi nikakubali sifa. Ikafika Juni, upepo mkavu na baridi ya Mufindi. Mwezi wa Julai mwanga wa hadibodi ya zamani iliyobaki nyuma yake ulionekana kati ya ubao na ubao, na mwezi wa Agosti misumari ilichomoka, na mbao mbili zikapasuka katikati kwa kishindo Mama akiwa anakanda unga.

Alinijia tena. Hakupaza sauti. “Karani,” alisema, “ulisema paini haina shida.” Sikuwa na la kujibu.

Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja mzee wa hapa kwetu, ambaye ningepaswa kumwendea kwanza. Nikamsalimu shikamoo, nikamweleza. Alikuja, akatia kidole kwenye mpasuko, akauliza, “Umepata kulivika chungwa karatasi?” Nikasema hapana. “Jaribu.”

Nilijaribu jioni ile kwa chungwa na ukurasa wa gazeti hili hili, lilipokwisha kusomwa. Ukiuzungusha ukurasa kwenye chupa hutulia, kwa sababu chupa imejikunja upande mmoja tu. Kwenye chungwa hujikunyata na kufanya mikunjo, kwa sababu chungwa limejikunja pande mbili kwa wakati mmoja. Ubao ni kama karatasi: hukubali kupindwa upande mmoja, haukubali pande mbili. Ubao wa inchi sita niliokuwa nimeukandamiza kwenye ncha ya karavani ulikuwa ukivutwa pande mbili, tena ulikuwa mbichi. Ulipokauka ulisinyaa kwa upana wake, maana mbao husinyaa sana kwa upana na karibu si kitu kwa urefu, na mahali pa kusinyalia hapakuwapo. Ukapasuka.

Mafundi wa majahazi wa Lamu na pwani yote walijua jambo hili kabla ya trela lolote kuundwa. Mbavu za chombo, wenyewe huziita mataruma, hawazipindi. Hutafuta tawi au shina lililokwisha kujipinda lenyewe, wakalichonga. Na mbao za ubavuni huchongwa kila moja kwa umbo lake, pana hapa na nyembamba pale, ili zikutane bila kulazimishwa.

Fundi wetu hajapata kuiona bahari, lakini alifanya neno lile lile. Kwanza hakugusa mbao hata kidogo. Alipanda juu ya karavani na ndoo ya maji, mimi nikakaa ndani na chaki, nikatia alama kila palipovuja. Tukakwangua maungio ya dirisha, tukayajaza silikoni upya, tukangoja mvua mbili zipite. Ukuta mpya juu ya tundu la zamani ni kuficha kidonda chini ya kitambaa. Kisha tukatoa pamba ya kioo iliyokuwa nyuma ya hadibodi. Ilijaa viota na mavi ya panya miaka kadha wa kadha. Pamba hiyo huchoma ngozi na vumbi lake hudhuru mapafu, basi fungeni pua na mdomo kwa kitambaa, vaeni mikono mirefu, na watoto wasikaribie. Mimi nilijikuna siku mbili.

Baadaye ikaja hesabu, na hapo chuo cha ualimu kilinifaa. Tulipima kwa kamba ukuta wa mbele kwa chini, kutoka mbavu ya kwanza hadi ya mwisho, tukifuata mviringo: sentimita 240. Tukapima vile vile kwa juu, karibu na dari: sentimita 120. Tukaamua fito 40 za mbao. Kila ufito, basi, uwe na upana wa sentimita 6 chini na sentimita 3 juu, kama kipande cha chungwa kilichokatwa nusu. Lakini karavani kuukuu halina pande zilizo sawasawa, kwa hiyo kila ufito ulikatiwa kwanza mfano wake wa karatasi, ukabandikwa ukutani, ukapewa namba. Kazi ya karatasi ilichukua siku tatu, na mpwa wa Mama aliiona ni mchezo wa watoto. Kazi ya mbao ilichukua siku nne tu, na hatukuharibu ila fito mbili.

Mbao zenyewe zilikuwa paini tena, ya miti ya kupandwa ya Sao Hill kama mbao nyingi za kwetu, lakini kavu: zilikuwa zimepangwa miezi mitano chini ya paa, na vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Tulizipiga randa hadi unene wa milimita 6. Kwa unene huo ufito mwembamba hujipinda kwa mkono bila kuchemshwa. Palipokuwa na kona kali, karibu na dari, tuliufunga ufito kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, tukaupinda juu ya kigogo kilichochongwa mviringo uliozidi kidogo ule tuliouhitaji, tukauacha umefungwa mpaka kesho yake. Ubao ukifunguliwa hurudi nyuma kidogo. Usipouzidishia mviringo utakupungukia. Mafundi wapindao mbao nene kwa mvuke huhesabu kama saa moja kwa kila inchi ya unene, lakini kwa njia hiyo miti migumu hutii kuliko paini.

Ziko njia nyingine mbili ambazo twaweza kuzitumia. Plaiwudi nyembamba ya milimita 3 hufaa sana mahali palipojikunja upande mmoja tu, kwa mfano pale ukuta wa ubavuni unapoingia darini, na hupindika vizuri zaidi ukiipinda kukingamana na nyuzi za uso wake. Viwanda vya Mafinga hukoboa magogo ya milingoti kuwa tabaka nyembamba za kutengenezea plaiwudi, kwa hiyo haitafutwi mbali. Njia ya pili ni kuukata ubao kwa nyuma mistari ya msumeno isiyofika upande wa pili, ukajipinda wenyewe. Hiyo ni ya pambo tu, usiitegemee ibebe kitu.

Kabla ya kukaza fito tulipaka rangi upande wa nyuma na kwenye ncha zake. Wengi hupaka mbele tu. Asubuhi za baridi aluminiamu hutoa jasho kwa ndani kutokana na mvuke wa chai na pumzi za watu, na jasho hilo huangukia mgongo wa ubao. Kwa sababu hiyo pia tuliacha nafasi ya upana wa kidole kati ya mbao na ganda la nje, na matundu madogo chini na juu ili hewa izunguke. Tulitumia skrubu, si misumari, mbili tu kila ncha ya ufito, na kati ya ufito na ufito tukaacha upenyo wa unene wa kadi ya posta. Masika utazibika, kiangazi utafunguka, na hakuna kitakachopasuka.

Mwenye trela ambalo bado hukokotwa barabarani afikiri na uzito. Paini kavu ya milimita 6 hufika kama kilo 3 kwa mita mraba moja, nayo haipunguzi mzigo wa motokaa. Kwa karavani lililokaa juu ya matofali hilo si neno.

Neno lililobaki lilikuwa jiko. Mama alikuwa na desturi ya kuweka jiko la mkaa ndani, chini ya dirisha la mbele, na asubuhi za Julai kufunga mlango ili wateja wapate joto. Zamani hadibodi iliyopasuka na tundu za dirisha zilipitisha upepo bila yeye kujua. Sasa tulikuwa tumeziba kila upenyo. Moshi wa mkaa hewa yake mbaya haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini katika chumba kilichofungwa. Fundi alikataa kukaza skrubu ya mwisho mpaka jiko litoke nje.

“Wateja wataniacha, Baba,” Mama alisema. “Huja kwa ajili ya joto.”

“Huja kwa supu, mwanangu.”

Wakabishana mpaka jua lilipokuwa linatua. Mwisho tulijenga kibanda cha bati nyuma ya karavani, jiko likahamia huko, na supu huingia kwa dirisha dogo. Wateja wawili watatu walinung'unika Julai iliyopita, kisha wakaja na makoti.

Ncha ya mbele imekwisha pitisha kiangazi kimoja na masika moja. Upenyo ulifunguka mwezi wa Agosti kama fundi alivyosema, ukazibika mwezi wa Januari. Ncha ya nyuma bado imevaa hadibodi yake ya zamani. Mbao zake zimepangwa chini ya paa la fundi, na Mama amekwisha niuliza mara mbili kama zimekauka.