Hita kwenye joto: Nilivyopika samaki wa shangazi katika jam ya Nyamasaria

Kama hujawahi kuwasha hita ya gari saa sita mchana, Kisumu, jua likiwa utosini, basi kuna aina ya jasho ambayo hujaijua bado. Mimi nimeijua. Tena nilikuwa na samaki nyuma.

Tuanzie Katito. Hapo ndipo barabara ya kutoka Kendu Bay inapokutana na ile ya Ahero kwenda Sondu, na hapo ndipo utadhani kila Probox ya Nyakach huzaliwa. Simama stejini dakika tano tu. Utaitwa "wa mwisho, wa mwisho, tunatoka sasa hivi!" na manamba ambaye gari lake bado lina nafasi nne, na ukishaketi wawili kati ya "abiria" uliowakuta ndani wanashuka na kwenda kuketi katika gari linalofuata. Ile Probox iliundwa kubeba watu 5. Ya kwetu hubeba watu mpaka dereva anabaki na nusu kiti, bega moja nje ya dirisha.

Siku hiyo lakini sikuwa abiria. Mimi ndiye niliyekuwa dere. Leseni yangu ilikuwa na miezi mitatu. Gari ni la shangazi, ambaye kila wiki hupeleka mbuta na ngege kwa mteja wake, hoteli moja mjini, na dereva wake wa kawaida alikuwa ameenda matanga. Mteja alishamwonya: wiki iliyopita samaki walifika wamelegea, wakilegea tena atatafuta muuzaji mwingine. Karo ya binamu zangu wawili hutoka kwenye kreti hiyo.

"Nyathina, saa saba kamili tuwe pale," akaniambia akipanga barafu. Nikamjibu kwa madaha ya mtu ambaye hajawahi kuendesha gari mjini, "Waya, wewe tulia."

Mpaka Ahero nilitamba. Dirisha wazi, redio juu, uwanda wa Kano umelala tambarare pande zote. Uwanda huo ni tanuri, na wenyeji wanajua sababu: Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini ukilinganisha na vilima vya Nandi na Nyabondo vinavyotazama uwanda, tuko chini shimoni. Upepo wa ziwa hutuonea huruma baadaye mchana, nchi kavu ikishapata joto kuliko maji. Kabla ya hapo hewa husimama tu, kama sisi tulivyokuja kusimama.

Magari ya Kisii na ya Kericho hukutana Ahero, kisha yote yanaelekea mjini kwa barabara moja. Malori, mabasi ya Nairobi, matatu, tuktuk, mkokoteni wa mchanga, mzee na ng'ombe wake watatu. Tulipokaribia Nyamasaria, mahali ambapo njia ya kwenda Kondele huachana na ile ya katikati ya mji, kila kitu kikakwama. Matatu moja ikaamua kuovalapu kando ya barabara, zingine sita zikaifuata, na waliokuwa wakija wakafanya vivyo hivyo upande wao. Hivyo ndivyo barabara ya leni mbili inavyogeuka kuwa ya leni tano, zote zikitazamana.

Mshale wa joto la injini ukaanza kupanda.

Dereva wa lori lililokuwa kando yangu akauona uso wangu. "Kijana, washa hita! Yote!" Nilidhani ananichezea. Kumbe ni kweli: hita hutumia maji yale yale yanayopoza injini, kwa hiyo ukiiwasha unalivuta joto kutoka kwenye injini na kulimwaga ndani ya gari. Injini inapona. Wewe ndiye unayechemka.

Nikawasha. Upepo wa moto ukatupiga usoni. Mshale ukatua kidogo, nikafurahi, hadi niliposikia sauti ya upole mno kutoka kiti cha pembeni.

"Nyathina, unapika samaki wangu?"

Nikazima. Mshale ukapanda. Nikawasha. Shangazi akageuka kuangalia kreti, maji ya barafu yakiwa yameanza kutiririka chini ya viti. Nikazima tena. Muuza maji akapita dirishani, akanusa, akapita haraka. Saa sita na nusu. Tulikuwa tumesonga urefu wa basi moja.

Tunawalaumu sana watu wa nduthi, na mara nyingi wanastahili. Boda boda zilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia miaka ya 1960, na tabia ya kupenya mahali pasipo na njia hawajaiacha. Ila siku hiyo shangazi alimpigia mmoja mluzi, mluzi ambao sikujua anao, akaniamuru nishushe kreti. Ikafungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki. Yeye akapanda katikati, leso kichwani, mkoba kifuani.

"Sasa washa hiyo hita yako," akasema, wakapotea kati ya malori mawili.

Nilifika saa nane na dakika kumi, shati likiwa limegandamana na kiti, madirisha wazi na hita ikivuma. Mlinzi wa hoteli alinitazama kama mtu aliyetoroka mahali. Shangazi alikuwa ameketi kivulini akinywa soda baridi. Mpishi alikuwa amefunua mashavu ya kila samaki kuona kama bado ni mekundu, akawabonyeza mmoja mmoja kwa kidole. Aliwachukua wote isipokuwa watatu, wale wa juu kabisa waliopigwa na hita.

"Hawa watatu umewapika wewe," shangazi akaniambia, akinikabidhi mfuko. "Utawala wewe."

Akaingia garini. Kisha akanyoosha mkono, akakitoa kile kitufe cha hita na kukitia mkobani mwake.