Tuamue mapema, kabla ya uchovu

Mama wa Rungwe au Mufindi huamua tangu alfajiri: mbolea au ada, kuni au palizi, mboga gani leo. Usiku akili imechoka kama mgongo, mtoto akichemka mwili, anasema, "Tuone kesho." Sisi wauguzi hatumwiti mzembe. (Baba naye hutoa jibu hilo hilo.) Basi kaeni wawili asubuhi, mtoto akiwa mzima, mpatane: nauli iwekwe wapi, nani abaki na wengine, na miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, mtaita pikipiki ya nani. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea na kuzubaa, hajadiliwi: aletwe usiku huo huo. Homa pekee isipite saa 24 bila kupimwa.