Mitambo ya umeme baharini: tuulize nafasi kabla ya megawati

Kila inapotajwa habari ya kuzalisha umeme kwa mikondo ya bahari hapa kwetu Pwani, swali la kwanza huwa ni megawati ngapi. Kazi imenileta Nakuru, na huku Bonde la Ufa, ambako miradi ya umeme imejaa, nimeona kuna swali linalotangulia hilo: mtambo mmoja utakaa umbali gani na mwenzake?

Aliyewahi kushika tanga ataelewa upesi. Vyombo viwili vikishindana, kilicho upande wa joshi hukizibia upepo kilicho upande wa demani. Tanga la huyu wa pili linalegea na kupigapiga, na upepo ni ule ule mmoja. Nahodha mjanja hufanya hivyo makusudi.

Mtambo wa umeme nao ni vivyo hivyo, uwe unazungushwa na upepo au na maji. Ukishachukua nguvu yake, huacha nyuma mkia wa maji yaliyopungua kasi na kuvurugika. Mkia huo hupanuka kadiri unavyokwenda, ukichanganyika na maji ya pembeni ambayo bado yana kasi, mpaka mkondo unarudia hali yake. Mtambo wa pili ukiwekwa ndani ya mkia kabla haujapona, unakula makombo.

Na makombo yenyewe ni haba kuliko yanavyoonekana. Kasi ya mkondo ikipungua kwa asilimia 10, nguvu inayoweza kuvunwa hupungua kwa asilimia 27. Ikipungua kwa asilimia 20, karibu nusu ya nguvu imekwenda. Ndiyo maana wahandisi hugombania mita.

Mfano wa karibu ni wa upepo. Suswa, kusini mwa Naivasha, kuna kituo kinachopokea umeme kutoka Loiyangalani, Marsabit, kupitia nyaya za zaidi ya kilomita 400. Huko Loiyangalani imesimama mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Upepo wa kule hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, kwa hivyo karibu siku zote huvuma kutoka kusini mashariki. Hilo liliwapa wahandisi nafuu kubwa: mitambo ya safu moja inakaribiana ubavu kwa ubavu, kisha inaachwa nafasi kubwa mpaka safu inayofuata. Kanuni ya jumla ya kazi hii ni kuacha nyuma ya mtambo umbali wa mara tano hadi kumi ya upana wa duara la mapanga yake. Duara la mtambo wa Loiyangalani ni mita 52, basi hesabu mwenyewe: mita 260 hadi 520.

(Hata visima vya mvuke vya Olkaria haviwezi kurundikwa pamoja, maana vinanyonya hazina moja ya joto chini ya ardhi.)

Sasa, nafasi hiyo inayoonekana tupu ina wenyewe. Mradi wa Loiyangalani ulipewa ekari 150,000, na Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa kufuata sheria. Sisemi ekari zote hizo ni za mikia ya upepo. Mitambo imekaa kwenye sehemu tu ya ardhi hiyo. Na Kinangop, juu ya Naivasha, mradi wa megawati 60 ulivunjika mwaka 2016 baada ya mvutano na wakazi kuhusu ardhi.

Baharini mambo huzidi kuwa magumu. Upepo wa Loiyangalani una upande mmoja, lakini mkondo wetu hugeuka kila baada ya saa sita na kitu. Mtambo ulio mbele maji yakijaa ndio wa nyuma maji yakipwa, basi lazima nafasi iachwe pande zote mbili. Halafu maji yamebanwa kati ya sakafu na uso wa bahari, hivyo mkia hauna pa kupandia. Kubanwa huko kuna faida yake: maji hukimbia zaidi kwenye mwanya ulio kati ya mitambo miwili. Mtambo wa tatu ukiwekwa nyuma ya mwanya huo, kama matofali yanavyopishana ukutani, unaweza kupata zaidi ya ambavyo ungepata peke yake. Jambo jingine la kushangaza ni kwamba maji yenye msukosuko huponya mkia haraka kuliko maji yaliyotulia, ijapokuwa msukosuko huo huo huyachosha mapanga.

Faida ya mwanya ina mpaka. Mitambo ikizidi, mlango mzima unakuwa mzito na maji hupungua kasi au hutafuta njia nyingine. Hapo kila mtambo unapata kidogo, na mchanga nao huanza kutua mahali ambapo haukuwa ukitua.

Kule Scotland, mradi wa MeyGen ulianza na mitambo minne tu, ya megawati 1.5 kila mmoja, yenye duara la mita 18. Mara kumi ya hapo ni mita 180, kwa mtambo mmoja, upande mmoja. Kwetu mkondo wenye kasi hupatikana pale njia inapobana, kama kwenye milango ya visiwa vya Lamu, na hapo hapo ndipo mashua hupita na wavuvi hutega.

Kwa hivyo siku ripoti ya athari za mazingira itakapoletwa mbele ya BMU, wazee wa bandari waombe ramani mbili, moja ya maji kujaa na moja ya maji kupwa, mikia yote ikiwa imechorwa kwa mita juu ya sehemu za kuvulia. Kisha waulize kama zile megawati zilizotangazwa zilihesabiwa mikia ikiwemo, au ulichukuliwa mtambo mmoja ukazidishwa kwa idadi.