Rubaya Kabla ya Koltani

Wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliiteka Rubaya tarehe 30 Aprili 2024, na tangu hapo mji huo wa milimani katika teritwari ya Masisi, mashariki mwa Kongo, unatajwa na watu wasiojua hata uko upande gani wa Goma. Maelezo yao ni neno moja: koltani, madini yanayotoa tantalamu. Inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia hutoka hapo, na mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa ushuru wa madini hayo ulikuwa ukiwapa waasi dola 800,000 hivi kila mwezi. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini mtu mwenye bunduki anaitamani Rubaya leo. Haielezi kwa nini watu wa Masisi walikuwa wakiuana kabla koltani haijawa na bei.

Kujibu swali hilo ni kazi ya sosholojia ya historia. Mwaka 1958 mwanahistoria Mfaransa Fernand Braudel aliandika kwamba jamii huishi katika nyakati za mwendo tofauti: tukio hupita upesi, uchumi hupanda na kushuka kwa miaka kadhaa, na chini yake kuna muda mrefu ambao mambo kama umiliki wa ardhi hubadilika polepole mno. Kuanguka kwa Rubaya ni tukio. Bei ya tantalamu iliyoruka mwaka 2000, ikawatoa vijana mashambani, kisha ikaporomoka mwaka uliofuata, ni mwendo wa pili. Ugomvi wenyewe unakaa katika ule wa tatu.

Kwa desturi ya Wahunde, wenyeji wa Masisi, ardhi ilikuwa chini ya mwami, yaani chifu. Mgeni alipewa mahali pa kulima, akatoa sehemu ya mavuno, na haki yake ilisimama juu ya uhusiano huo. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda shirika la Comité National du Kivu, lililopewa ardhi kubwa ya kugawia walowezi wa Kizungu. Walowezi walihitaji vibarua, na ng'ambo ya pili ya mpaka Rwanda ilikuwa imetoka kwenye njaa ya 1928 na 1929. Ndipo ukaja mpango wa kuhamisha Wanyarwanda, Mission d'Immigration des Banyarwanda, ambao kati ya 1937 na 1955 ulihamishia Kivu, hasa Masisi, watu wapatao 85,000. Huko Gishari, ndani ya Masisi, walipewa hata utawala wao, nje ya mamlaka ya mwami wa Kihunde. Ulifutwa mwaka 1957. Kwa hiyo mlima mmoja ulibaki na haki za aina mbili: ya aliyepewa na mwami na ya aliyepewa na ofisi. Wala aliyehamishwa hakuulizwa anataka ipi.

Baada ya uhuru ofisi iliendelea kugawa na kunyang'anya. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Rwanda na Burundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1973 ardhi yote ikawa ya serikali, na mwezi Novemba mashamba ya wageni yakaanza kugawiwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, zaidi wale wenye jamaa na marafiki Kinshasa. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta uraia ule. Mkulima mdogo, Mhunde au Mhutu, alijikuta akifanya salongo, siku kadhaa za kazi kwa mwenye shamba kila wiki, ili apate kipande cha kulima. Mwaka 1990 mwanahistoria Bucyalimwe Mararo alimaliza tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Indiana kuhusu ugomvi wa ardhi Masisi tangu 1920. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, teritwari jirani ya Walikale, yakaenea Masisi. Sidai kwamba Mararo alitabiri. Alikuwa amesoma tu makaratasi ambayo wanahabari hawakuwa na muda nayo.

Koltani ilipopata bei, ilikuta maswali haya tayari. Huko Rubaya ikaja kampuni yenye kibali cha serikali, ukaja na ushirika wa wachimbaji waliosema mlima ni wao kwa kuwa wanauchimba. Mwaka 2013 pande hizo mbili zilitia saini mkataba, na ugomvi haukuisha. Makundi ya Kinyarwanda yaliyogombana juu ya malisho na mashamba yakajipanga upya pande mbili za shimo.

Linganisha na Bisie, msituni Walikale, ambako kasiteriti, madini ya bati, ilianza kuchimbwa karibu 2002. Wahamiaji wa Gishari hawakufika huko, na wenyeji waligombana kwa koo: ukoo upi ndio wenye mlima. Kampuni ya Alphamin ilianza kuzalisha bati hapo mwaka 2019, na swali la uraia halikuwa kiini cha mgogoro wake kama Masisi. Madini ni ya thamani kote kuwili, lakini kila mahali yaliingia katika ugomvi uliokuwapo na kuvaa sura yake.

Njia hii ina hatari yake: ukitazama karne nzima, kila kitu huonekana kilikuwa lazima kitokee. Si kweli. Vita vya Kanyarwanda vya miaka ya 1960, kati ya Wanyarwanda na wenyeji, vilikwisha, na hadi mwanzo wa miaka ya 1990 Masisi haikurudia mauaji ya kiwango kile, ingawa sheria mbaya zilikuwapo zote. Watu waliuziana ng'ombe na kuoana. Tuna vitabu vingi juu ya 1993 na vichache mno juu ya miaka hiyo ya katikati, na nadhani mtafiti kijana anayetafuta mada angeanzia hapo: madaftari ya mabaraza ya machifu, daftari za ndoa za parokia, na wazee wanaokumbuka kesi za mipaka zilizoamuliwa bila panga.