Fahamu: Jinsi ya kusoma matabaka ya miamba na nyufa zake

Matabaka ya miamba husomwa kutoka chini kwenda juu. Mchanga, matope na majivu ya volkano hutuama moja juu ya jingine, hivyo tabaka la chini ndilo kongwe, mradi miamba haijapinduliwa. Kanuni hii ilielezwa na Nicolas Steno mwaka 1669.

Mfano mzuri ni Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Chini kabisa kuna basalti nyeusi. Juu yake yamelala matope ya ziwa la kale na majivu ya volkano, kisha mkanda mwekundu uitwao Tabaka la Tatu. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959, lilitoka Tabaka la Kwanza, chini ya mkanda huo. Umri wake, takriban miaka milioni 1.8, ulipatikana kwa kupima potasiamu na agoni katika majivu yaliyo karibu nalo.

Ufa ni mahali miamba ilipokatika na upande mmoja kuteleza, kwa hiyo tabaka lilelile huonekana limeshuka upande mmoja na kubaki juu upande wa pili. Ufa hutokea baada ya matabaka unayoyakata. Tabaka lililoufunika bila kukatwa lilitandazwa baadaye.

Katika mchoro wa mtihani, mwanafunzi apange kwanza matabaka yaliyokatwa, kisha ufa, na mwisho yale yasiyoguswa.