Uzoefu pekee haumpi mchoraji ramani muhuri

Bariadi

FEDHA za pamba zinapoanza kutembea mkoani Simiyu, msimu wa ununuzi ukishafunguliwa mwezi Mei, biashara moja huamka pamoja na ya saruji, nondo na bati. Hiyo ni biashara ya ramani. Mwenye fremu mbili anataka kuongeza nne, mwenye nyumba ya wageni anataka kupandisha ghorofa, na mnunuzi wa dengu na choroko anataka ghala lake mwenyewe kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijamkuta na magunia nje. Wote hao wanahitaji michoro ya kupeleka halmashauri kuombea kibali cha ujenzi.

Michoro hiyo mara nyingi huanzia kwa mchoraji wa mjini hapa hapa. Ni mtu mwenye cheti cha ufundi au stashahada, mwenye kompyuta moja na mashine ya kuchapia, ambaye amechora nyumba nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Anajua jua la Bariadi linaingilia dirisha gani na anajua udongo mweusi wa mbuga unavyopasua kuta wakati wa kiangazi. Anachokosa ni muhuri wa mbunifu majengo aliyesajiliwa.

Swali ambalo wachoraji wa aina hii hujiuliza, na ambalo mwenye fedha naye anapaswa kulijua jibu lake, ni kama miaka 10 au 15 ya kazi inaweza kumpa mtu usajili bila shahada inayotambuliwa. Kwa Tanzania jibu ni fupi: kazi pekee haitoshi.

Usajili uko mikononi mwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Bodi hiyo haikuanza juzi. Mwaka 1972 ilitungwa sheria iliyowaweka wabunifu, wakadiriaji na makandarasi chini ya bodi moja ya taifa. Mwaka 1997 makandarasi wakapewa bodi yao, na wabunifu na wakadiriaji wakabaki na yao. Mainjinia wana bodi nyingine kabisa, jambo ambalo wajenzi wengi wa mikoani hulisahau. Muhuri wa injinia unajibu kuhusu uimara wa nguzo na zege, wa mbunifu unajibu kuhusu jengo lenyewe, na mmoja hauchukui nafasi ya mwingine.

Mlolongo wenyewe uko hivi. Mwombaji huanza na sifa ya kitaaluma inayotambuliwa na bodi, kisha hufanya kazi chini ya mbunifu aliyesajiliwa, kisha hufanya mtihani wa bodi. Uzoefu unahesabiwa, ila unahesabiwa baada ya sifa ya kitaaluma. Miaka ambayo mchoraji amekaa peke yake mtaani akichora fremu na gesti haiingii katika hesabu hiyo, hata kama kazi zake ni nzuri.

Kuna wanaodai kwamba zamani watu walisajiliwa bila shahada. Ni kweli, lakini maelezo yake yanahitaji uangalifu. Chuo cha Ardhi cha Dar es Salaam kilikuwa kikitoa stashahada ya juu ya ubunifu majengo, si shahada, na wengi wa waliojenga jina katika kazi hiyo walitokea hapo. Mwaka 1996 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Ardhi. Wazee wale hawakupita mlango wa nyuma. Walisoma kozi kamili ya taaluma iliyotambuliwa wakati huo. Kabla ya hapo ilibidi watu wavuke mipaka: Beda Amuli, Mtanzania aliyebuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, alisomea Israel.

Nchi nyingine zina utaratibu tofauti. Nchini Marekani kila jimbo lina masharti yake, na California na New York ni kati ya yanayomruhusu mtu asiye na shahada ya taaluma kusajiliwa kwa kuonyesha miaka ya kazi iliyosimamiwa. California hutaka jumla ya miaka 8 ya masomo na kazi, New York hudai 12 kwa asiye na shahada. Hata huko mtihani haukwepeki, nao ni ule ule anaofanya mwenye shahada. Japani imemtoa Tadao Ando, bondia wa zamani ambaye hakusomea kazi hii chuo kikuu, na mwaka 1995 alipewa tuzo ya Pritzker. Majina hayo hutajwa sana na wachoraji wanaotafuta faraja. Kwa mwenye kiwanja Bariadi hayana msaada, kwa sababu karatasi ya California haifungui dirisha la halmashauri.

Njia iliyobaki kwa mchoraji ni kurudi darasani, na hesabu yake ni nzito. Mwenye cheti cha ufundi hana budi kwanza kupata stashahada. Mwenye stashahada yenye wastani wa kuanzia 3.0 anaweza kuomba nafasi ya shahada bila kupitia kidato cha sita. Shahada ya ubunifu majengo hutolewa Ardhi, jijini Dar es Salaam, na pia katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, zote safari ndefu kutoka Simiyu. Ukijumlisha stashahada, shahada, mafunzo kazini na mtihani, ni muongo mmoja hivi. Kwa mtu wa miaka 22 huo ni mtaji. Kwa mwenye miaka 40, watoto shuleni na wateja mlangoni, ni biashara ambayo wachache wataifunga ili waifuate.

Ndiyo maana umezuka mtindo wa muhuri wa kukodi: mchoraji anachora, mtu wa mbali ambaye hajakiona kiwanja anagonga muhuri, na mteja analipa akiamini amenunua huduma ya mbunifu. Kwa fremu ya chini hasara inaweza isionekane. Kwa ghorofa ni jambo jingine. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30, na Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, kati ya maduka, na kuua wengine zaidi ya 20. Sababu za majengo kuanguka ni nyingi, na michoro ni moja tu kati yake. Lakini jengo likishaanguka, swali la kwanza la wachunguzi huwa ni nani alibuni, nani alisimamia, na kama jina lake limo katika daftari.

Kwa mfanyabiashara, njia yenye unafuu ni kumwacha mchoraji wa mjini afanye kazi anayoijua akiwa chini ya kampuni iliyosajiliwa, ya Mwanza au kwingineko, ambayo mbunifu wake atafika kwenye kiwanja. Gharama itapanda. Mteja aombe jina na namba ya usajili kabla ya kutoa malipo ya kwanza, aulize bodi kama mhusika bado yumo, na aandikishe kwenye mkataba mara ngapi mbunifu atakuja wakati wa ujenzi. Mchoraji naye atapunguziwa sehemu ya malipo, ingawa miezi anayofanya kazi chini ya mbunifu wa kweli itamfaa siku akiamua kwenda Ardhi.

Wanaotaka msingi uwe umekamilika kabla ya mvua wanashauriwa kuanza mazungumzo hayo Mei, pamba ikiwa bado kwenye mizani. Anayesubiri hadi Agosti atakuta wabunifu wana kazi za wengine, na atajikuta anatafuta muhuri badala ya mbunifu.