Mirathi Bila Wosia: Utangulizi

Wengi huingia kwenye somo la mirathi na swali moja: nani anapata nini? Swali la maana, ila Tanzania Bara halitangulii. Kwanza ijulikane mali ya marehemu itagawiwa kwa sheria ipi, na sheria ziko tatu: ya mila, ya Kiislamu, na Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865. Hii ya mwisho India wenyewe waliitungia mbadala mwaka 1925. Sisi bado tunaitumia, hasa kwa Wakristo.

Tuseme kuna mzee wa Muleba. Alibatizwa, akafunga ndoa kanisani, akafanya kazi na kujenga Mwanza, na kila Desemba akarudi kwenye kibanja chenye migomba na kahawa alikozikwa baba yake. Amefariki bila wosia, ameacha mjane, wana wawili na binti mmoja. Kwa sheria ya 1865 mjane anachukua theluthi moja, na theluthi mbili watoto wanagawana sawasawa, binti akiwemo. Kwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, mwana wa kwanza ni mrithi wa daraja la kwanza, mdogo wake la pili, binti la tatu. Shamba la ukoo binti atalitumia tu, haliuzi. Mjane hana fungu. Atatunzwa na wanawe. Angekuwa Mwislamu aliyeishi Kiislamu, mjane angepata thumni, na kila mwana mara mbili ya binti.

Mahakama huamuaje? Hutazama mtindo wa maisha ya marehemu na nia yake. Cheti cha ubatizo peke yake hakitoshi. Wataulizwa mashahidi: alihudhuria vikao vya ukoo? Mahari ya binti zake alipokea nani? Alisema azikwe wapi, na kwa taratibu zipi? Kwangu mimi hapa ndipo utamu wa fani hii ulipo, maana mwanasheria analazimika kuyasoma maisha ya mtu kabla ya kusoma kifungu.

Mirathi ya mila na ya Kiislamu husikilizwa mahakama ya mwanzo, na majalada yake hayachoshi. Utakuta fomu namba 1 ya maombi, cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini na dole gumba, ukimpendekeza msimamizi. Ukoo hupendekeza tu. Mwenye kuteua ni mahakama. Akishateuliwa, ndani ya miezi minne anatakiwa kuleta orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, na hesabu za mgawo kwenye fomu namba 6. Ugomvi mwingi huanzia hapa. Kaka mkubwa akiishika hati ya usimamizi hujiona kapewa nyumba, kumbe kapewa kazi: akusanye, alipe madeni, agawe, arudi kutoa hesabu.

Mila nazo hazikukaa kimya. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake, na mpwa wake akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kuwa mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki wa ardhi. Hata hivyo kanuni za 1963 ziliendelea kutumika, hadi wajane wawili wa Shinyanga wakafikisha shauri lao kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona Tanzania imekiuka mkataba wa haki hizo.

Anza na hukumu ya Mwanza, kisha omba ruhusa uketi masijala ya mahakama ya mwanzo iliyo karibu nawe. Ukikuta jalada lenye fomu namba 1 lisilo na namba 6, muulize karani lilifunguliwa mwaka gani.